Paka Anaharisha: Usubiri, au Umwite Bwana Mifugo?

Kalangalala iko katikati ya mji wa Geita, na nyumba nyingi huko hufuga paka kwa sababu moja: panya. Ukiwa na gunia la mpunga chumbani au duka lenye unga na maharage, paka ni mfanyakazi wako. Anapewa ugali uliolowekwa mchuzi wa dagaa, vichwa vya sato vikipatikana, na mengine anajitafutia mwenyewe. Huko kwenye kujitafutia ndiko magonjwa mengi ya tumbo yanakoanzia. Paka wa Kalangalala anapita nyuma ya mama ntilie, anaruka uzio wa gereji, anakula panya aliyekula sumu kwa jirani, na jioni anarudi kulala kwako. Ukimkuta asubuhi ametapika mlangoni, swali la kwanza ni moja: je, hili linaweza kusubiri kesho?

Tazama paka mwenyewe kabla ya kutazama alichotoa. Watu humweleza bwana mifugo rangi na harufu kwa kirefu, lakini akiwauliza kama paka anakunywa maji, kama amekojoa leo, kama bado anapanda ukutani, wanatazamana. Kinyesi chepesi kinachonuka nyumba nzima kinaweza kuwa cha paka ambaye kesho atakuwa mzima. Aliyetapika mara moja tu akaenda kujificha chini ya kitanda, haitiki akiitwa, huenda hana muda mrefu.

Yanayoweza kusubiri

Paka mzima, mwenye umri wa zaidi ya mwaka, akitapika mara moja au mbili kisha akarudi kudai chakula, mwache apumzike. Vivyo hivyo akiharisha siku moja huku anakunywa maji na kukimbizana na mijusi. Mpe saa 24 ukimwangalia kwa karibu. Mara nyingi chanzo ni chakula kilichobadilika ghafla: juzi dagaa, leo mafuta ya sangara aliyoyaokota kusikojulikana. Au ni nywele alizomeza akijilamba. Au ni maziwa. Katika nyumba za Wasukuma maziwa ni chakula cha heshima, na mtu humwekea paka bakuli akijua anamtendea wema, lakini paka wengi wakishaachishwa kunyonya hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na bakuli hilo huwaharisha. Acha maziwa siku mbili tatu uone.

Katika saa hizo maji safi yawe karibu naye muda wote. Chakula punguza, usikikate kabisa. Kuku aliyechemshwa bila chumvi wala mafuta, ukamchambua vipande vidogo na kumpa kijiko kimoja kila baada ya saa tatu au nne, anatosha. Mchuzi wa jana usimpe, kwa kuwa vitunguu, iwe maji au saumu, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka hata vikiwa vimepikwa. Na usimfungie njaa siku nzima ukidhani unalipumzisha tumbo. Paka akikaa siku mbili au tatu bila kula, hasa aliyenona, mafuta ya mwilini hujazana kwenye ini hadi ini lishindwe kufanya kazi. Hapo utakuwa na ugonjwa wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa hiyo paka mzima aliyegoma kula kwa saa 24 tayari ni wa kupelekwa, hata kama ameacha kutapika.

Kabla ya kusema anatapika, hakikisha kweli anatapika. Paka anayetapika, tumbo lake hujikunja na kusukuma kwa nguvu kabla kitu hakijatoka. Chakula kikirudi chenyewe dakika chache baada ya kula, bila tumbo kusukuma, ama amekula kwa pupa, ama kuna tatizo kooni. Na yule anayechuchumaa, shingo kainyoosha mbele, anakoroma na hakuna kinachotoka, mara nyingi anakohoa, na kikohozi ni habari ya mapafu. Mrekodi kwa simu hata sekunde 20. Video hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Ukikuta kwenye kinyesi au kwenye manyoya ya chini ya mkia punje nyeupe mfano wa mchele, wakati mwingine zikijongea, huo ni mnyoo aina ya tegu, ambao paka huupata kwa kumeza viroboto. Si jambo la kukimbiza usiku, lakini dawa ya minyoo peke yake haitatosha. Viroboto wakibaki, tegu atarudi.

Sumu, ambayo Geita iko kila kona

Hapa ndipo pa kuwa mwepesi, maana sumu hujifanya ugonjwa wa tumbo wa kawaida. Sumu ya panya inauzwa mikononi, sokoni na stendi, mara nyingi kwenye vipakiti visivyo na maelezo, na hazifanani.

Ipo ya unga mweusi au wa kijivu. Ikifika tumboni hugeuka gesi. Paka hutapika mfululizo, wakati mwingine damu, anahema kwa shida, na matapishi yanaweza kunuka kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Usimpe maziwa. Najua kila mtu mtaani atakwambia maziwa huua sumu, lakini chakula chochote kinachoamsha asidi ya tumbo huongeza gesi hiyo. Fungua madirisha, toa watoto nje, kwa sababu hewa ya matapishi hayo inamdhuru binadamu pia. Kisha ondoka naye.

Nyingine ni ya punje au vibonge vya rangi, buluu au waridi, inayozuia damu kuganda. Hii ni ya hila. Siku ya kwanza paka hana neno. Siku ya tatu hadi ya tano fizi zinakuwa nyeupe, kinyesi cheusi na cha kunata, pengine damu inatoka puani, na mwenye paka ameshasahau kwamba wiki hiyo jirani alitega. Dawa yake ipo, ni vitamini K1, lakini hutolewa kwa wiki kadhaa, na lazima iwahiwe kabla damu haijamwagika nyingi ndani. Ukijua jirani ametega sumu, au paka wako amekula panya aliyekuwa akipepesuka mchana kweupe, usingoje dalili.

Ya tatu ni viuatilifu: dawa za pamba, dawa za kuogeshea ng'ombe, na vichanganyiko visivyojulikana ambavyo huuzwa kama sumu ya panya. Baadhi yake humfanya paka atokwe na udenda mwingi, machozi, harisho na mkojo kwa pamoja, mboni za macho zikawa ndogo sana, misuli ikitetemeka. Kwa sumu ya namna hii ipo dawa inayoitwa atropini, na daktari aliyezoea ng'ombe anaifahamu vizuri, kwa sababu ng'ombe nao hupata sumu hizi. Ndiyo maana ukimpigia simu usiseme tu "paka anaharisha". Mwambie udenda, mboni na kutetemeka, naye atajua aje na nini.

Kuna pia kosa la upendo. Mtu anaona viroboto, anachukua dawa ya josho la ng'ombe iliyobaki na kumpaka paka. Ini la paka haliwezi kuvunja dawa za jamii hiyo kama la ng'ombe, na akijilamba anaimeza. Anaanza kutetemeka, anatapika, anapata degedege. Kama bado ana fahamu, muoshe haraka kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunike asipate baridi, na safari ianze.

Wanaoishi karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu, Mgusu, Nyarugusu au Rwamgasa, wana la ziada. Sayanaidi inayotumika kwenye matanki ya marudio huua kwa dakika, na hakuna bodaboda itakayoiwahi. Kinga ni kufunika maji ya matanki hayo na kumwekea paka maji yake nyumbani ili asiende kuyatafuta huko. Zebaki ya hukohuko ni tofauti. Hujikusanya mwilini polepole na hushambulia zaidi mishipa ya fahamu. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, paka waliokula samaki wa ghuba ile walionekana wakiyumba na kupata degedege, na wavuvi walishaliona hilo kabla wataalamu hawajajua kinachowaua watu. Kwa hiyo paka wa mchimbaji anayepepesuka kwa wiki kadhaa ni wa kuonyeshwa daktari, na watoto wa nyumba hiyo nao wafikiriwe. Ila si kila harisho ni zebaki.

Katika sumu zote hizi usimtapishe paka kwa maji ya chumvi. Chumvi yenyewe inaweza kumuua. Chukua kipakiti, hata kipande chake, au piga picha ya ile sumu. Hiyo ndiyo hati ya muhimu kuliko zote utakayoingia nayo kwa daktari.

Dume anayejikamua

Hili nalitenga kwa sababu linawapoteza hata watu makini. Paka dume anachuchumaa kwenye mchanga, anajikamua, analia, hatoi kitu. Anahama, anachuchumaa tena. Baadaye anatapika. Mwenye paka anasema amefunga choo, anamnywesha mafuta ya kula. Mara nyingi sana choo hakina neno: ni mkojo uliozibwa. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba, na chengachenga au ute hutosha kuiziba. Mkojo ukikaa, sumu ambazo figo zingezitoa hurudi kwenye damu, ndiyo maana anatapika. Ndani ya siku moja hadi mbili moyo unaweza kusimama.

Mshike kwa upole sehemu ya nyuma ya tumbo, karibu na mapaja. Ukigusa kitu kigumu cha mviringo naye akaruka kwa maumivu, usikiminye. Kibofu kilichojaa hupasuka. Nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na ukiwa bado hujui kama ni choo au ni mkojo, chukulia ni mkojo.

Wengine wasiosubiri

Mtoto wa paka chini ya miezi sita hana akiba ya maji wala sukari mwilini. Akitapika na kuharisha kwa pamoja, au akiharisha nusu siku huku amelegea, mpeleke. Paka mzee, paka mwenye mimba au anayenyonyesha, na yule mwenye ugonjwa mwingine, nao wawekewe saa chache tu.

Paka yeyote anayetapika zaidi ya mara tatu ndani ya saa chache, au ambaye hata maji hayakai, ni wa daktari. Damu kwenye matapishi, kinyesi cheusi cha kunata, macho au fizi za manjano, tumbo lililovimba ghafla na kuuma, vyote havisubiri. Harisho la kawaida lisilokoma siku ya pili, halikadhalika.

Uzi. Mafundi cherehani wafuatilie hapa. Paka hucheza na uzi, anaumeza, mara nyingine na sindano yake. Uzi ukikwama chini ya ulimi huku upande wa pili ukivutwa na utumbo, utumbo hujikunja na kukatika. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au chini ya mkia, usiuvute, wala usiukate karibu na mwili. Mzuie tu asiendelee kuumeza, mpeleke. Miiba ya samaki nayo hukwama: paka anajikuna mdomo kwa mkono, anadondosha udenda, anataka kula na hawezi.

Hapo kwenye udenda nikupe onyo jingine. Paka anayetokwa na mate na kushindwa kumeza anaweza kuwa na mwiba, na anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ambacho Tanzania bado kipo. Kama tabia yake imebadilika, amekuwa mkali bila sababu au mnyonge kupita kiasi, na hana chanjo, usiingize kidole mdomoni mwake. Akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukapate chanjo siku hiyohiyo. Paka atasubiri zamu yake.

Kama huna uhakika bado, mpime mwenyewe. Inua mdomo wa juu: fizi za paka mzima ni waridi na zimelowa. Zibonyeze kwa kidole zigeuke nyeupe, kisha uachie. Waridi irudi kabla ya sekunde mbili kupita. Fizi kavu za kunata zinaonyesha amepungukiwa maji. Vuta ngozi ya mgongoni juu kidogo na uiachie. Ikichelewa kurudi, maji yamekwisha mwilini. Mhesabie pumzi akiwa ametulia, kifua kupanda na kushuka mara 20 hadi 30 kwa dakika. Joto la kawaida ni takribani nyuzi 38 hadi 39.2. Paka mwenye harisho aliyeshuka chini ya hapo, masikio na nyayo zimepoa, hali yake ni mbaya kuliko mwenye homa.

Kabati la dawa lifungwe

Panadol inaua paka. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha, kwa sababu ini lake halina njia ya kuisafisha, na damu yake inashindwa kubeba hewa. Diklofenaki na ibuprofeni huchimba vidonda tumboni na kuharibu figo. Flajili, ambayo hapa ni dawa ya kila tumbo, daktari humpa paka kwa vipimo vya uzito wake. Ukikisia utamtia kizunguzungu na degedege. Dawa za kufunga kuhara nazo ziache. Albendazoli ya ng'ombe inaweza kudhoofisha uboho unaotengeneza damu yake, na ivermektini ya sindano imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, kwa hiyo tone moja la ziada kwa paka wa kilo tatu ni jambo zito.

Uzito huo ujue mapema. Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa moja kwa nyingine. Uandike ukutani.

Kumpata mtaalamu

Ukweli wa Geita ni kwamba wataalamu wengi wa mifugo utakaowapata wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku. Hilo lisikukatishe tamaa. Kumwongezea mnyama maji kwa mrija, kumpima joto, kumpa dawa ya kuzuia kutapika, kutambua sumu, ni kazi wanayoijua. Anza na ofisa mifugo wa kata yako, au ofisi ya mifugo ya halmashauri. Namba zao zitafute leo, paka akiwa mzima. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari linalosajili watoa huduma hawa, na inatofautisha daktari mwenye shahada, kama wale wanaosomea Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, na wasaidizi wenye stashahada au cheti kutoka vyuo kama LITA Mabuki kule Misungwi. Wote wana kazi yao. Muuza duka la pembejeo si mmoja wao, hata akivaa koti jeupe. Muulize mtaalamu bila aibu kama amesajiliwa, na muulize bei kabla hajafungua begi.

Kukihitajika upasuaji, uzi tumboni kwa mfano, au kuzibua mkojo, huenda ukaelekezwa Mwanza. Zamani safari hiyo ilikuwa na pantoni ya Busisi katikati, na foleni yake haikujali mgonjwa. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi linapitika, kwa hiyo sababu ya kusema "hatutafika" imepungua. Mpigie simu daktari wa Mwanza kabla ya kuondoka, usije ukafika ukakuta ameenda Sengerema.

Njiani paka asiwekwe kwenye kiroba. Joto litammaliza, na ukimfungua stendi atakimbia. Tenga la kuku lililotandikwa nguo na kufungwa kanga juu linatosha, kwenye bajaji hata kwenye bodaboda. Beba kinyesi cha siku hiyo kwenye kichupa safi, picha ya matapishi, kipakiti cha sumu kama kipo, na majibu ya maswali haya: ana umri gani, alikula nini na lini, alianza saa ngapi, amekojoa mara ya mwisho lini, amepewa dawa gani. La mwisho usilifiche. Daktari hana haja ya kukugombeza kwa kidonge ulichompa. Anachotaka ni asimwongezee kingine kinachogongana nacho.

Baada ya hapo

Nyumbani, anayesafisha harisho anawe mikono kwa sabuni, na mama mjamzito asilishike. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazima vinavyodhuru mimba. Huchukua siku moja hadi tano nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kukizoa kila siku na kukifukia mbali na mchanga wanakochezea watoto ni kinga ya maana.

Na kama waliougua ni paka wadogo, wawili watatu kwa mpigo, wakatapika, wakaharisha damu na kufa ndani ya siku moja au mbili, watu husema wametegewa au wamerogwa. Fikiria kwanza panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaoangusha kinga ya damu ya paka. Haumwambukizi binadamu, lakini virusi vyake hukaa kwenye nyumba hadi mwaka mzima. Sakafu ya saruji na vyombo vyao vioshe kwanza kwa sabuni, kisha kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, na uiache dakika kumi kabla ya kusuuza. Nguo walizolalia zichome. Sakafu ya udongo jiki haiisafishi, uchafu unaimaliza nguvu. Nyumba ya namna hiyo isiletewe mtoto wa paka asiye na chanjo mpaka mwaka uishe, hata panya wakizidi. Tafuta paka mzima aliyechanjwa, au mtoto aliyeanza chanjo akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, na siku utakayompeleka kwa chanjo hiyo, uliza na ya kichaa cha mbwa.